Mzigo wa Hija Aufunge Haji Mwenyewe

Mzee wa delta ya Rufiji akijaaliwa kwenda Hija, nyumba yake hujaa watu hata kabla pasipoti haijatoka. Watoto wanarudi kutoka Mbagala na Temeke, wajukuu wanatumwa dukani, majirani wanaleta salamu na vifurushi. Sanduku jipya linanunuliwa Kariakoo, na linaposhushwa botini tayari limeshajaa nusu. Kila mtu anatia chake. Mmoja anakunja kanzu, mwingine anachomeka kopo la karanga pembeni, wa tatu anakalia sanduku ili zipu ifunge. Mwenye safari yuko barazani anapokea wageni. Akiuliza kuna nini humo ndani, anajibiwa: "Usijali baba, kila kitu kimo."

Maneno hayo yanatoka kwenye mapenzi na ninayaheshimu. Lakini ndiyo yanayowaponza wazee wetu wa Salale, Kiomboni, Mbwera, Nyamisati na vijiji vingine vya delta ya Rufiji. Kwa wengi wao Hija ndiyo safari ya kwanza nje ya nchi, na huenda ikawa ya mwisho. Mtu hajawahi kuingia uwanja wa ndege, hajawahi kulala mahali ambapo hamjui mwenye nyumba, halafu tunamkabidhi mzigo asioujua, karatasi asizoweza kuzieleza na dawa asizojua zimewekwa mfuko gani. Tunamsindikiza kwa dua na vigelegele, naye anaondoka akiwa mgeni hata kwa vitu vyake mwenyewe. Msimamo wangu ni kwamba mzigo wa Hija aufunge haji mwenyewe, kwa mikono yake, na sisi wengine tukae pembeni kumsaidia anapoomba.

Delta hii si ngeni kwa safari za ng'ambo. Mikoko yake, zaidi ya hekta 50,000, ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina hiyo Afrika Mashariki, na kwa vizazi vingi boriti zake zilivushwa hadi Ghuba kwenda kubeba mapaa ya nyumba katika nchi zisizoota miti ya kujengea. Majahazi yalishuka na kaskazi, yakapakia, yakarudi na kusi. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliingia delta ya Rufiji akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililofuata boriti, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha safari hiyo, Sons of Sindbad. Mabaharia wale walikuwa na masanduku yao ya mbao, na humo waliweka nguo zao na bidhaa ndogo ndogo za kuuza bandarini. Kila mtu alilijua lake. Na wakataji wetu waliowapakilia walihesabu boriti kwa korija, ishirini ishirini, wengi wao bila daftari wala kalamu. Watu wenye urithi huo hawashindwi kujua yaliyomo ndani ya sanduku moja, ila wapewe nafasi.

Tuanze na karatasi, kwa sababu hapo ndipo penye kazi nzito na ndipo familia zinapochelewa kuanza.

Pasipoti ya kielektroniki, ambayo Tanzania iliizindua Januari 2018, inalipiwa shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Kuipata kunataka namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa, barua ya utambulisho kutoka serikali ya kijiji au mtaa, picha, na maelezo ya safari yenyewe. Kwa mtu wa Ilala mambo hayo ni ya kupanda daladala na kushuka. Kwa mtu wa Salale kila karatasi ina boti yake na maji yake. Maji yakipwa, chombo kinakaa kwenye tope mpaka yajae tena, hata kama ofisi inafungwa saa tisa. Anayetaka kuwa Kibiti mjini asubuhi lazima atoke na maji, pengine usiku wa manane, afike Nyamisati, atafute bodaboda au gari mpaka Bungu, ndipo ashike lami ya barabara ya Kilwa. Akiambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu mhuri mmoja umekosekana, safari nzima inaanza upya. Na huduma ikiwa Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, wengi wetu tunapitia kwanza Dar es Salaam kabla ya kuifikia.

Ila umbali si tatizo pekee. Tatizo gumu zaidi ni majina. Wazee wengi wa delta walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga, na mwaka wao unakumbukwa kwa mafuriko au kwa njaa fulani. Cheti kikitafutwa uzeeni, tarehe inakadiriwa. Kwenye kadi ya kupigia kura mtu ni Saidi, kwenye kitambulisho cha taifa ni Said. Kwingine jina la tatu ni la babu, kwingine ni la ukoo. Bibi ni Mwanahawa kwenye karatasi moja na Mwana Hawa kwenye nyingine. Kijijini ni mtu yule yule tunayemwamkia kila siku. Kwenye kompyuta ya viza ni watu wawili, na mmoja wao hana ruhusa ya kusafiri. Kurekebisha kunawezekana, kwa kiapo mbele ya hakimu au wakili na kwa kufuata ofisi inayohusika, lakini hakufanyiki wiki ambayo ndege inaondoka. Familia inayonuia kumpeleka mzazi wake ilinganishe majina yote mapema, hata kabla haijaanza kuchanga nauli.

Na mwenye majina akae hapo wakati yanalinganishwa. Nimeona vijana wakimalizia kila kitu wao, wakimwita mzee wakati wa kupiga picha na kuweka alama za vidole tu. Kisha mzee anafika kwenye dirisha la uhamiaji, anaulizwa amezaliwa lini, anataja mwaka anaoujua yeye, na pasipoti inasema mwingine. Hakuna aliyemwambia kwamba tarehe ilikadiriwa, wala imekadiriwaje. Haji alisikie jina lake kama lilivyoandikwa, neno kwa neno, na tarehe yake, mpaka aweze kuvitaja bila kusita. Hilo halihitaji shule. Mtu anayehifadhi juzuu nzima ya Kurani hashindwi na tarehe moja.

Karatasi hizo zikishapatikana, zihifadhiwe kidelta. Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika ukaingia mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikatukuta maji bado hayajatulia. Mafuriko ya namna ile yanapoingia ndani, karatasi zilizo chini ya godoro au ndani ya mkoba wa kitambaa ndizo za kwanza kuharibika. Pasipoti, cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo vikae ndani ya mfuko wa plastiki unaobana vizuri, mfuko huo ukae juu, na nakala ziwe kwa mtoto aliye mjini na ndani ya simu. Hata ndani ya boti ya Nyamisati mfuko huo ukae mwilini mwa mwenyewe, kwa sababu wimbi halichagui mizigo.

Hapa nina neno kwa serikali. RITA ya vyeti vya kuzaliwa, NIDA ya vitambulisho na Uhamiaji zikikubaliana kuja Nyamisati pamoja, siku chache za bamvua ambapo vyombo hupita kwa urahisi mpaka vijito vya ndani, wazee wa visiwa vya delta watamaliza kwa safari moja jambo ambalo sasa linawachukua miezi. Mashine za kuchukua alama za vidole zinabebeka. Mtumishi mwenye afya njema anaweza kushuka Nyamisati kwa gari moja kutoka Kibiti, na kumtaka bibi wa miaka 70 apande boti, bodaboda na basi mara tatu kwa ajili ya herufi moja ya jina si haki.

Ninamtaja bibi kwa makusudi. Oktoba 2022 Saudi Arabia ilitangaza kwamba mwanamke anaweza kwenda Hija au Umra bila maharimu. Kwa hiyo bibi anaweza kwenda na kikundi, bila mume wala mtoto wa kiume wa kumbebea. Yule aliyezoea kuambiwa "kaa mama, tutashughulikia" atajikuta peke yake mbele ya mkanda wa mizigo Jeddah, masanduku mia mbili yanazunguka, mengi yana rangi moja, na anatakiwa ajue lake.

Sasa dawa. Niliwahi kukaa mkekani na shangazi yangu, nikamwomba tufungue sanduku alilofungiwa na watoto tulitazame pamoja. Kwenye mfuko wa pembeni mlikuwa na bahasha za dawa, zile ndogo tunazopewa dirishani, zimeandikwa kwa kalamu 1×1, 1×2, na hakuna jina la dawa hata moja. Vidonge vya bahasha mbili vilikuwa vyeupe, vya mviringo, vya ukubwa mmoja. Nikamuuliza kipi ni cha presha. Akavishika, akavigeuza kwenye kiganja, akasema, "Hiki nadhani, mwanangu. Anayenipa kila siku ni binti." Chini yake kulikuwa na kitambaa kilichofungwa fundo, ndani unga wa mizizi wa kutuliza tumbo, na chupa ya maji ya kunywa iliyotiwa mafuta ya nazi mpaka shingoni. Jirani naye alikuwa ameongeza dawa za maumivu, kwa nia njema, kwa ajili ya magoti.

Tukaanza upya. Alikwenda zahanati mwenyewe, akaomba dawa zake zikiwa kwenye pakiti zenye jina, na barua ya daktari inayotaja ugonjwa na kipimo. Unga wa mizizi ukabaki nyumbani, kwa sababu unga usio na jina, ndani ya kitambaa, mbele ya ofisa wa forodha asiyejua Kiswahili, ni mwanzo wa maswali ambayo shangazi asingeweza kuyajibu. Dawa za jirani tulizisoma pakiti zake, zikarudishwa kwa shukrani. Dawa kali za maumivu zenye tramadol au kodeini zinadhibitiwa Saudi Arabia, na kuingia nazo bila cheti na kibali ni kosa, hata kama hapa kwetu ulizinunua duka la dawa bila kuulizwa chochote. Kisha shangazi akachukua sindano na uzi, akashona kipochi cha kanga chenye mifuko miwili. Mfuko wa kulia ni wa asubuhi, wa kushoto ni wa jioni, na ule wa asubuhi akautia kifungo ili vidole vyake viutambue hata gizani. Pakiti zikaingia humo na kipochi kikaingia kwenye mkoba wa begani. Lile kasha kubwa la akiba ndilo peke yake lililokwenda sandukuni. Kwa mwenye kisukari anayetumia insulini, kubeba dawa mkononi ni lazima zaidi, maana baridi ya sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuiharibu, na sanduku likichelewa siku mbili mtu yuko hatarini.

Kipochi kile cha kanga kimenifundisha zaidi ya karatasi zote za maelekezo ambazo mawakala hutugawia. Karatasi hizo zimeandikwa kwa ajili yetu tunaosoma. Kipochi kilitengenezwa na mtu atakayekitumia.

Chanjo nazo zisisubiri dakika ya mwisho. Ile ya uti wa mgongo ya aina nne, A, C, W na Y, lazima ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia. Chanjo ya homa ya manjano nayo inahitaji siku 10 ndipo cheti chake kianze kutambuliwa, na tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, kwa hiyo aliyewahi kuchanja akitafute alikokiweka kabla ya kuchanja tena. Kadi hizo zikae pamoja na pasipoti.

Kuna kosa moja la kufunga mzigo ambalo linagusa ibada yenyewe. Mwanaume anayeruka kwenda Jeddah kwa nia ya Hija au Umra anavuka mikati akiwa angani, na akifika hapo anatakiwa awe ameshahirimia. Shuka mbili nyeupe zisizoshonwa zinapaswa kuwa mwilini au kwenye mkoba wa mkononi. Zikiwa ndani ya sanduku kubwa, ziko chini ya sakafu ya ndege na hakuna wa kuzifuata. Kikundi kinachoanzia Madina kina nafasi, kwa sababu kitahirimia Dhul-Hulayfa nje ya mji huo, lakini hata huko shuka hazitakiwi kuwa chini ya makopo ya karanga. Sabuni ya siku za ihramu iwe isiyo na manukato, ikae pamoja na shuka. Na mwenye kuvaa ajizoeze kufunga shuka yake nyumbani, atembee nayo uani, ainame, akae, ainuke. Wazee wetu wamevaa misuli na shuka maisha yao yote, hapo wana faida kuliko vijana wa suruali.

Jambo linalonitia hofu kuliko yote ni vifurushi vya watu. Delta ina ndugu Oman, ina ndugu Saudia, na kila safari ni posta. "Mpelekee mwanangu hiki, kidogo tu." Aliyefunga ni mmoja, aliyetia sandukuni ni mwingine, atakayesimama mbele ya mashine ya ukaguzi ni mzee asiyejua kama kimo. Saudi Arabia inatoa adhabu ya kifo kwa usafirishaji wa dawa za kulevya, na Novemba 2022 ilirejea kuitekeleza baada ya kuisitisha kwa muda. Mirungi, ambayo baadhi ya majirani zetu huitafuna hadharani, huko ni dawa ya kulevya.

Desemba 2018 mwanafunzi wa kike kutoka Nigeria alisafiri kwenda Umra kupitia uwanja wa ndege wa Kano. Akakamatwa Madina, kwa sababu sanduku lenye tramadol lilikuwa limebandikwa stika yenye jina lake. Halikuwa lake. Uchunguzi wa Nigeria ulionyesha kwamba mtandao wa watu uwanjani ulitumia jina lake kupitisha mzigo, na serikali yake ilifanya kazi ya miezi mpaka akaachiwa Aprili 2019. Huyo alikuwa kijana, msomi, na taifa zima lilimpigia kelele. Tumfikirie mzee wetu ambaye hata idadi ya mabegi yake aliambiwa na mjukuu. Kinga yake ya kwanza ni kuweza kusema, bila kumtazama mtu: mabegi yangu ni mawili, moja la bluu, moja la kijani lenye utepe mwekundu, nimeyafunga mwenyewe, na vipande vya stika nilivyopewa hivi hapa. Swali la "umefunga mwenyewe?" linaulizwa viwanja vingi vya ndege duniani. Jibu lake liwe kweli.

Kwa hiyo kifurushi cha jirani kisipokelewe. Najua ugumu wa kukataa kijijini, ambako aliyekuletea kifurushi ndiye aliyekuvusha kwa mtumbwi wake juzi. Hapo ndipo watoto wana kazi ya kufanya. Wao ndio waseme hapana, ili mzee asibebe lawama.

Chakula nitakipitia haraka. Vikundi vingi hupewa chakula na taasisi zilizovipeleka, na Makka hakukosekani mkate, wali wala maziwa. Kamba wakavu na ng'onda wanatoa harufu ambayo wenzako wanne wa chumba kimoja hawatakusamehe, na vimiminika kwenye mkoba wa mkononi havivuki ujazo wa mililita 100 kwa chupa. Tende zipo hukohuko. Kama mzee ana kitu kimoja anachokipenda kinachotulia tumboni mwake, mkate mkavu au visheti, akichague yeye. Wako wanaosema kuhangaikia masurufu ni kukosa tawakali. Suratul Baqara, aya ya 197, imeshalimaliza jambo hilo, kwani inawaagiza mahujaji wachukue masurufu, na wafasiri wanaeleza kwamba iliwagusa watu wa Yemen waliokuwa wakija Hija mikono mitupu, wakisema wanamtegemea Mungu, kisha wakifika wanaomba watu.

Sasa nageukia mwili, kwa sababu nao ni sehemu ya mzigo. Hija ya Juni 2024 ilikutana na joto la nyuzi 51.8 katika Msikiti Mtukufu wa Makka. Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, na ikasema asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali cha Hija na walitembea umbali mrefu juani bila kivuli wala mahali pa kupumzika. Nawaomba wasomaji waitafakari asilimia hiyo. Kibali ndicho kinachokupa hema la Mina, basi la kwenda Arafa na kadi ya kutambuliwa ukianguka. Wakala anayemwambia mzee wako kwamba viza ya matembezi inatosha, "mtaingia tu," anamuuzia hatari ya kufa. Kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi, Hija inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na itazidi kusogea kwenye miezi ya baridi, lakini jua la jangwani halina msimu wa huruma kwa mtu mwenye presha asiyekunywa maji.

Mwili unaandaliwa kwa miguu. Mizunguko 7 ya Al-Kaaba na safari 7 kati ya Safa na Marwa, ambazo peke yake zinazidi kilomita tatu, hufanyika juu ya marumaru. Mzee wa delta ana kifua cha kupiga kasia na mgongo wa kupandikiza mpunga, ila nyayo zake zimezoea tope, peku. Makubazi mapya yanayovaliwa mara ya kwanza uwanja wa ndege yatamtoa malengelenge kabla hajaiona Al-Kaaba. Yanunuliwe miezi kabla, yavaliwe shambani na gatini, aende nayo msikitini kila Ijumaa mpaka yazoee mguu. Kila siku atembee kidogo zaidi ya jana. Achukue na jozi ya pili, na kifuko cha kubebea viatu ndani ya msikiti, maana vikiachwa mlangoni vikapotea mtu atarudi hotelini juu ya lami inayounguza. Mwavuli mweupe, chupa ya maji ya kuning'iniza na mafuta mazito ya kupaka visigino na mapaja havina uzito, na atakayevikosa atavilia.

Madeni na wasia sitavieleza kwa urefu, kwa sababu hapo wazee wetu wanajua kuliko sisi. Wanalipa, wanaandika, wanazunguka nyumba kwa nyumba kutakana radhi. Nataka tu tuone kwamba jambo hilo hawakubali lifanywe na mtu mwingine. Hakuna mzee anayemtuma mjukuu akaombe radhi kwa niaba yake wakati yeye anaweza kutembea. Anakwenda mwenyewe kwa sababu hesabu ni yake. Sanduku nalo ni lake.

Nitajibiwa kwamba mzee hasomi, macho yamefifia, mikono inatetemeka, na bila watoto hawezi. Kweli asaidiwe. Kuna kumsaidia na kuna kumpokonya. Mwana anayekaa mkekani, akamsomea mama yake maandishi ya pakiti, akashika taa, akauliza "hiki tukiweke wapi?" kisha akangoja jibu, huyo amesaidia. Mwana anayefunga usiku mama amelala ili asubuhi kila kitu kiwe tayari amemwondolea mama uwezo wa kujitegemea siku ambayo mwana hatakuwapo. Asiyesoma atambue kwa rangi, kwa kifundo cha uzi, kwa mahali. Wavuvi wetu hujua kila kifaa cha dau kilipo usiku usio na mwezi, na hawajawahi kubandikiwa maandishi.

Taasisi zinazopeleka mahujaji zinaendesha semina za manasiki, na zinafanya vizuri. Ninaziomba ziongeze kikao kimoja ambacho kila haji anakuja na mkoba wake wa mkononi, anaufungua mbele ya wenzake, anaeleza kila kilichomo na kazi yake. Kikao hicho kifanyike Kibiti au Nyamisati. Kikiachwa hadi Dar es Salaam usiku wa kuondoka, itakuwa tumechelewa.

Na kwa watoto wa wazee wa delta, kabla boti haijaondoka kwenda Nyamisati, mketisheni mzazi wenu, mpeni sanduku lililofungwa, mwambieni ataje yaliyomo, mahali pa dawa ya asubuhi, mahali pa shuka za ihramu, jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti na idadi ya mabegi yake. Akitaja vyote, mpelekeni kwa amani. Akishindwa hata kimoja, mzigo huo ufunguliwe wote, uwekwe mkekani, naye aufunge upya kwa mkono wake.